Wanaingia Wawili, Wanatoka Wawili

Paramesiamu ni kiumbe wa seli moja, mwenye umbo linalokaribia wayo wa kiatu, ambaye huogelea katika maji yaliyotuama kwa kupiga vijinywele vingi vilivyouzunguka mwili wake. Ukimtazama kwa hadubini ya kawaida utamwona akijizungusha kama parafujo huku akisonga mbele. Akigonga kitu hurudi nyuma kidogo, hugeuka, kisha hujaribu njia nyingine. Siku niliyowaona wawili wameshikamana nilidhani namwona mmoja anayejigawa. Nilikosea, na kosa hilo ndilo lililonifanya nianze kulifuatilia jambo ninaloliandika hapa. Paramesiamu anayejigawa hukatika kiunoni, kipande cha mbele na kipande cha nyuma. Hawa walikuwa wamelala sambamba, mdomo wa huyu umeelekea mdomo wa yule, nao waliendelea kuogelea hivyo hivyo kama mashua mbili zilizofungwa kamba moja. Hubaki hivyo kwa saa kadhaa, kisha huachana na kila mmoja akashika njia yake. Walikuwa wawili, wamebaki wawili. Hakuna aliyezaliwa.

Hata hivyo, ndani ya miili yao yametokea mengi. Paramesiamu ana viini vya namna mbili: kiini kikubwa, ambacho huendesha shughuli za kila siku, na kiini kidogo, ambacho hutunza jeni za kurithisha. Wawili wanaposhikamana, kiini kidogo cha kila mmoja hupita katika meiosisi, yaani ule mgawanyiko unaopunguza idadi ya kromosomu kuwa nusu. Vingi kati ya viini hivyo vya nusu huvunjwa, na kinachobaki hujigawa mara moja zaidi, kikatoa viini viwili vinavyofanana. Kimoja hukaa nyumbani; kingine huvuka utando na kuingia kwa mwenzake. Mgeni huungana na mwenyeji, kiini kipya kamili huundwa katika kila mwili, na kile kiini kikubwa cha zamani humeguka vipande vipande na nafasi yake kuchukuliwa na kikubwa kipya kinachotokana na muungano huo. Wanaoachana si wale walioshikana, ingawa ngozi ni ile ile: kila mmoja sasa ana nusu ya jeni za mwenzake, na kwa upande wa jeni wamekuwa kama pacha.

Ugumu wa kulielewa jambo hili unaanzia katika maneno yetu. Tumezoea kusema uzazi wa kijinsia, kana kwamba kuzaa ndilo shina na jinsia ni tawi lake, na mwanafunzi anayekutana na msemo huo mara ya kwanza hana budi kuamini kwamba jinsia ni mojawapo ya njia za kuongezeka. Kwa wanyama na mimea tunayoiona kila siku imani hiyo haileti matatizo, kwa sababu kwao mambo hayo mawili yamefungamana kiasi cha kutotenganishika. Katika ulimwengu wa seli moja yako mbalimbali. Paramesiamu anayetaka kuongezeka hujikata tu, hahitaji mwenzi. Mwani mdogo wa seli moja, au hamira, anapoungana na mwenzake, hesabu hata hupungua: seli mbili huwa moja. Ndiyo maana katika makala hii nitasema muungano wa kijinsia, na neno uzazi nitaliacha kwa ajili ya kuongezeka peke yake. Swali hapo linakuwa bayana zaidi: kwa nini kiumbe awezaye kujigawa kila baada ya saa chache aisimamishe kazi hiyo ili achanganye jeni zake na za mwingine?

Gharama zake si ndogo. Katika miaka ya 1970 mwanabiolojia Mwingereza John Maynard Smith aliieleza kwa ufasaha gharama inayowakabili wanyama: mama anayezaa bila dume hutoa mabinti watupu, nao wote huzaa, ilhali mama anayehitaji dume hutumia nusu ya nguvu zake kuzaa madume ambao wenyewe hawazai. Hoja hiyo ni maarufu, lakini haiwagusi viumbe wa seli moja ambao gameti zao, yaani seli zinazoungana, zinalingana kwa ukubwa, kwa kuwa kila upande huchangia sawa. Gharama yao iko kwingine, na kwanza kabisa iko katika muda. Hamira iliyopata chakula kizuri hujigawa kila baada ya saa moja na nusu hivi. Ile inayopita katika meiosisi na kutengeneza spora, yaani seli zilizofungwa katika ukuta mgumu, hutumia siku nzima au zaidi. Pili, mchanganyiko wa jeni uliokwisha kujaribiwa na maisha hupanguliwa na kupangwa upya bila uhakika wowote kwamba mpango mpya utafaa. Tatu, anayefungua utando wake kwa mwenzake hufungua mlango pia kwa vimelea vya kijenetiki, yaani vipande vya DNA vinavyojinakili kwa faida yavyo vyenyewe. Haishangazi basi kwamba muungano huu hutokea kwa nadra. Kwa hamira ya porini iitwayo Saccharomyces paradoxus, watafiti waliosoma historia ya jenomu zake walikadiria kwamba hupita katika mzunguko mmoja wa kijinsia kwa kila vizazi 1,000 hivi vya kujigawa.

Kwa nadra, lakini si kwa bahati nasibu. Kinachouleta ni njaa, na hili ndilo ninaloliona kuwa ufunguo wa suala zima.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni klamidomonasi, mwani wa kijani wa seli moja unaoishi katika maji baridi na katika udongo wenye unyevu. Upana wake ni takriban moja ya mia ya milimita. Una kloroplasti moja yenye umbo la kikombe, doa jekundu linalohisi mwanga, na mijeledi miwili ambayo huipiga kama mtu anayeogelea kwa kuvuta maji pembeni. Maadamu naitrojeni ipo, huogelea, hutengeneza chakula kwa mwanga na kujigawa, basi. Naitrojeni ikimalizika, ndani ya saa chache seli hizo hizo hugeuka kuwa gameti. Hazibadiliki sana kwa sura. Zipo za aina mbili, chanya na hasi, na hata mtaalamu hawezi kuzitofautisha kwa kuzitazama. Zenyewe hutambuana kwa kugusana mijeledi, kwa kuwa mijeledi ya kila aina imepakwa protini inayonata kwenye ile ya aina nyingine. Ukichanganya matone mawili, moja la chanya na moja la hasi, maji yaliyokuwa yametawanyika seli huanza kufanya mabonge kwa dakika chache tu, mijeledi imenasana, seli zinavutana na kutetemeka. Kisha mabonge hulegea na kuacha jozi. Kila seli katika jozi hutoa kimeng'enya kinachoyeyusha ukuta wake. Ile ya chanya husukuma kidole chembamba kuelekea kwa mwenzake. Tando hugusana na kufunguka, na seli mbili humiminika kuwa moja. Kwa muda mfupi utaona kitu ambacho hakionekani wakati mwingine wowote: seli moja inayoogelea kwa mijeledi minne.

Halafu mijeledi hutoweka. Zigoti, yaani ile seli iliyotokana na muungano, hutulia chini, hujijengea ukuta mnene, na hukaa. Ukavu hauiui, baridi haiiui, giza haliiui. Mwanga na chakula vinaporudi, meiosisi hufanyika ndani ya gamba hilo, gamba hupasuka, na kwa kawaida seli nne hutoka zikiogelea, kila moja ikiwa na mchanganyiko wake wa jeni za wale wawili walioingia. Naomba msomaji aizingatie picha hiyo: tendo la kijinsia na tendo la kujihifadhi dhidi ya shida yamekuwa kitu kimoja. Hamira nayo hufanya jambo linalofanana. Ile yenye seti mbili za kromosomu, inapokosa naitrojeni na sukari, huingia katika meiosisi na kufungasha mazao yake manne ndani ya spora ngumu. Diatomu, wale mwani wenye ganda la silika, wana sababu yao ya pekee. Ganda lao ni kama boksi lenye mfuniko, na kila wanapojigawa, mtoto mmoja hupewa boksi la chini, ambalo kwake huwa mfuniko, akalazimika kutengeneza boksi dogo zaidi la kuingia ndani yake. Vizazi vinavyopita hupungua ukubwa, hadi wanapofikia kipimo ambacho hawana budi kuungana kijinsia. Zigoti hutoka nje ya maganda yale finyu, huvimba, na kurudisha ukubwa wa awali.

Njaa inatuambia muungano hutokea lini. Haituambii kwa nini unalipa. Kwa muda mrefu jibu lilikuwa la nadharia. August Weismann, mwishoni mwa karne ya 19, alisema kwamba uchanganyaji hutoa tofauti ambazo uteuzi asilia huzifanyia kazi. Ronald Fisher na Hermann Muller, katika miaka ya 1930, walionyesha kwamba mabadiliko mawili mazuri ya jeni yaliyotokea katika koo mbili yanaweza kukutanishwa katika kiumbe mmoja badala ya kila moja kungoja lingine litokee humo humo. Naye Muller mwaka 1964 aliongeza kwamba ukoo usiochanganya hukusanya kasoro pasipo njia ya kurudi nyuma. Hamira ndiyo iliyowezesha mawazo hayo kupimwa. Mwaka 2005 Matthew Goddard na wenzake walichukua hamira mbili zilizofanana, wakaiondolea mojawapo jeni mbili ili isiweze tena kuchanganya jeni zake wakati wa kutengeneza spora, kisha wakazilea katika mazingira mawili. Katika mazingira mepesi hapakuwa na tofauti kati yao. Katika mazingira magumu, yenye joto na chumvi zaidi, zile zilizochanganya zilizoea hali mpya vizuri kuliko zile zisizochanganya. Mwaka 2016 Michael McDonald, Daniel Rice na Michael Desai walifuata jaribio la namna hiyo kwa takriban vizazi 1,000 huku wakisoma DNA ya seli, nao wakaona kwa macho kile ambacho wengine walikikisia: katika koo zisizochanganya, badiliko zuri lilisambaa pamoja na mizigo mibaya iliyokuwa imekaa jirani nalo, na mabadiliko mengine mazuri yalipotea kwa sababu tu yalitokea katika seli isiyo sahihi. Koo zilizochanganya ziliweza kulitenga zuri na baya. Kwangu mimi, majaribio hayo mawili yana uzito kuliko kurasa nyingi za mabishano.

Lakini faida inayofanya jambo lidumu si lazima iwe ndiyo iliyolianzisha. Seli ya kwanza iliyoungana na nyingine haikuwa na habari ya vizazi 1,000 vijavyo. Kwa asili yenyewe lazima tutazame vifaa, kwa maana vifaa huweka kumbukumbu ya kazi vilizofanya zamani. Muungano wa kijinsia una hatua mbili kubwa, kuunganisha na kupunguza nusu, na zote mbili zinaonekana kujengwa kwa zana zilizokuwako.

Kuhusu kuunganisha, protini iitwayo HAP2 ndiyo inayozichanganya tando za gameti katika klamidomonasi, katika kimelea cha malaria, katika mimea na katika viumbe wengine wengi walio mbali sana kinasaba. Umbo lake lilipochorwa mwaka 2017 ilidhihirika kwamba linafanana na protini ambazo virusi vya dengi na vya Zika huzitumia kuingia katika seli za mwili. Mwaka 2022 jamaa wa protini hiyo walipatikana katika arkea, wale viumbe wadogo wasio na kiini ambao ukoo wa seli zetu unatokana nao. Iwe virusi ndivyo vilivyoazima kutoka kwa seli au seli ziliazima kutoka kwa virusi, ufunguo wa utando mmoja kuingia katika utando mwingine ni wa kale na umepita mikono mingi.

Kuhusu kupunguza nusu, ajabu yake ni kwamba meiosisi huanza kwa uharibifu wa makusudi. Protini ya Spo11 hukata nyuzi zote mbili za DNA, na katika seli moja ya hamira mikato hiyo hufikia takriban 160. Seli hulazimika kuitengeneza kwa kutumia kromosomu ya mzazi mwingine kama kielelezo, na katika kuitengeneza ndipo jeni zinapobadilishana nafasi. Spo11 ni ndugu wa kimeng'enya cha arkea kinachokata DNA na kuiunganisha tena ili kuifungua inapojisokota, na protini zinazofanya ukarabati wa mikato ni jamaa za RecA, ambayo bakteria huitumia kutengeneza DNA iliyovunjika. Yaani mashine ya meiosisi imeundwa kwa vipuri vya karakana ya matengenezo. Ukiongeza kwamba hamira ya Schizosaccharomyces pombe huongeza kuungana na kutengeneza spora inapomwagiwa haidrojeni peroksaidi, kemikali inayoharibu DNA, utaelewa kwa nini baadhi ya watafiti wanaamini kwamba lengo la kwanza lilikuwa ukarabati: seli mbili zilizoumia zikiwekwa pamoja, kila moja humpa mwenzake nakala isiyo na kasoro mahali palipovunjika.

Lipo pia wazo la zamani ambalo nalipenda kwa sababu lilitokana na kutazama kwa subira. Lemuel Cleveland alichunguza viumbe wa seli moja wanaoishi katika utumbo wa mende wanaokula mbao, ambao huingia katika mizunguko ya kijinsia pale mende anapojivua gamba. Aliona mara kwa mara mmoja akimmeza mwenzake lakini asimmeng'enye, viini viwili vikabaki ndani ya mwili mmoja, na mwaka 1947 akapendekeza kwamba muungano ulianza hivyo, kwa ulaji uliokwama wakati wa njaa, na meiosisi ikaja baadaye kuondoa ziada ya kromosomu. Maoni yangu ni kwamba njaa, ukarabati na kuvumilia shida vilikuwa jambo moja kwa seli zile za kale: wakati wa chakula kuisha ndio huo huo wakati wa kuumia, na kuwa na nakala mbili za kila jeni ilikuwa akiba. Uchanganyaji wa jeni ulikuwa matokeo ya pembeni, ambayo baadaye yakawa ndiyo sababu ya desturi hiyo kutoachwa.

Mbona basi aina mbili, si moja ambayo yeyote angeweza kuungana na yeyote? Jibu linaloniridhisha zaidi ni lile la Laurence Hurst na William Hamilton la mwaka 1992. Seli mbili zinapomiminika kuwa moja, mitokondria na kloroplasti zao, ambazo zina DNA yake zenyewe, hujikuta katika nyumba moja na zinaweza kupigania nafasi kwa hasara ya mwenye nyumba. Ni salama upande mmoja ukubali za kwake ziondolewe, na ili hilo lifanyike ni lazima ijulikane nani ni nani. Katika klamidomonasi kloroplasti hurithiwa kutoka upande wa chanya na mitokondria kutoka upande wa hasi, mgawanyo wa haki kabisa. Siliata, kundi la paramesiamu, hawamiminiki. Hubadilishana viini tu na kila mmoja hubaki na mitokondria yake, hivyo hawana ugomvi huo. Na kweli miongoni mwao wamo wenye aina nyingi: tetrahimena ana aina saba, na mmoja wa aina yoyote aweza kuungana na yeyote wa zile sita nyingine. Kiume na kike, kwa maana ya mbegu ndogo na yai kubwa, vilikuja baadaye. Katika ukoo wa Volvox, ambao ni jamaa wa klamidomonasi wanaoishi kwa makundi ya seli, jeni ya MID inayoifanya klamidomonasi kuwa hasi ndiyo hiyo hiyo inayopatikana kwa madume.

Orodha ya viumbe waliodhaniwa kuishi bila jinsia imekuwa ikifupishwa. Jiadia, kimelea cha utumbo, alikutwa mwaka 2005 akiwa na jeni za meiosisi. Kimelea cha malale kilithibitishwa mwaka 1986 kwamba huchanganya jeni ndani ya mbung'o, na leishmania mwaka 2009 ndani ya usubi. Kwa kuwa vifaa vile vile vimeenea katika matawi yote makubwa ya viumbe wenye kiini, hitimisho ni kwamba babu yao wa pamoja alikuwa navyo tayari, naye aliishi zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita: mwani mwekundu Bangiomorpha pubescens, ambaye visukuku vyake kutoka kaskazini mwa Kanada vina takriban miaka bilioni 1.05, alikwisha kuwa na spora zinazoonekana kuwa za kijinsia. Na hili si la makumbusho peke yake. Kimelea cha malaria hakiwezi kupita kutoka kwa mtu hadi mtu bila muungano huo. Mbu anapofyonza damu, ubaridi wa tumbo lake na kemikali iliyomo humo huiamsha seli ya kiume, nayo kwa muda wa dakika 15 hivi hutoa gameti nane zenye mijeledi. Zikikutana na za kike za ukoo mwingine, jeni zilizokuwa katika vimelea viwili tofauti hutoka zimeunganishwa katika mmoja, zikiwamo zile za usugu wa dawa.

Narudi kwa paramesiamu. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Émile Maupas, mkutubi Mfaransa aliyefanya utafiti wake mjini Algiers, alieleza kwamba siliata wasioungana huzeeka na kufa, hata wakilishwa vizuri. Mwaka 1907 Lorande Woodruff wa Chuo Kikuu cha Yale alimtenga paramesiamu mmoja, akawa akiwatenganisha watoto wake siku baada ya siku ili wasipate nafasi ya kushikana, na ukoo huo ukaishi kwa maelfu ya vizazi. Ilionekana Maupas amekanushwa. Mwaka 1914 Woodruff mwenyewe, pamoja na Rhoda Erdmann, aligundua kwamba takriban kila mwezi viini vya viumbe hao peke yao vilikuwa vikivunjwa na kujengwa upya, na mwaka 1936 William Diller akafafanua kinachotokea. Paramesiamu aliyekosa mwenzi hupita katika meiosisi akiwa peke yake. Nusu moja hubaki, hujigawa mara moja, na vile viini viwili, visivyo na mgeni wa kumpokea wala mwenyeji wa kumwendea, huungana vyenyewe kwa vyenyewe. Tracy Sonneborn alipozuia hata hilo, mwaka 1954, kwa kuhakikisha kwamba hawaoni njaa kamwe, ukoo ulidhoofika na kuisha baada ya migawanyiko mia kadhaa. Wale waliopata njaa kwa wakati wake walikivunja kiini kikubwa kilichochakaa, wakaunda kipya kutokana na kile kidogo, na hesabu yao ya migawanyiko ikaanza tena moja.